Injini ya SG5 ndani ya Forester SF5: chagua kontroboksi kabla ya kulipia injini

Subaru Forester ya kwanza, SF5, iliundwa kuanzia 1997 hadi 2002. Zile za turbo bado zipo nyingi barabarani, na nyingi zimefika mahali pamoja: bodi nzima, giaboksi nzima, injini imenoki. Mwenye gari akienda Kirinyaga Road pale Nairobi, au Ilala jijini Dar es Salaam, anakuta injini za umri wa gari lake ni chache na zimechoka. Zilizopo ni za kizazi kilichofuata, za SG5 iliyoanza 2002, au za Legacy BP5 iliyoanza 2003. Muuzaji humwambia, "Hii inaingia tu." Hapo hasemi uongo. Familia ya injini za EJ ilianza 1989, na Subaru waliacha sehemu kubwa za kufungia zikiwa zilezile kwa miaka mingi. Tatizo huanza bolti zikishakazwa.

Injini hizi zinafanana kwa umbo, lakini hazisomwi kwa namna moja na kontroboksi, yaani kompyuta inayoendesha injini. Kwa hiyo swali la kwanza siyo injini ipi. Ni kontroboksi ipi itakayoiendesha, ya gari lako au ya injini inayokuja. Jibu hilo ndilo linaloamua ununue nini, uchomoe nini, na fundi wa umeme ataingia kazini lini. Atakayelipa kwanza na kufikiri baadaye huishia na injini inayozungushwa na stata bila kuwaka, huku kila mtu akilaumu pampu ya mafuta.

Njia ya kwanza ni kubaki na kontroboksi na waringi wa SF5. Injini mpya inavuliwa manifoldi yake ya juu, injekta, koili na sensa, kisha inavishwa vya zamani. Hapo injini ni bloki na hedi tu, na gari halijui kwamba kuna kilichobadilika. Geji za dashibodi zinafanya kazi, na giaboksi ya otomatiki inaendelea kupokea ishara ya throto ileile iliyoizoea. Kwa gari la matumizi ya kila siku napendelea njia hii, ila tu pale meno ya sensa yanapokubali.

Meno hayo ndiyo kiini cha kazi yote. Kontroboksi hujua pistoni iko wapi kwa kusoma meno ya sproketi ya krenkishafti. Sproketi za zamani zina meno 6. Zilizokuja baadaye zina nafasi 36, na kati yake kuna sehemu tatu ambako meno mawili mawili yameachwa wazi. Kontroboksi ya meno 6 ikisomeshwa sproketi ya nafasi 36 haitoi cheche, au inatoa wakati usiofaa. Usikisie kwa mwaka wa injini, kwa sababu injini mbili zenye jina moja la EJ205, ile ya SG5, zinaweza kutofautiana kulingana na soko zilikouzwa. Fungua kava ya mbele, chukua tochi, hesabu. Sproketi ya krenkishafti ikiwa tofauti, ichomoe kwenye injini yako ya zamani uivishe mpya.

Sensa ya kemshafti ina ugumu zaidi. Kwenye injini za zamani za Phase II, toleo la pili la EJ, hukaa mbele, ikisoma sproketi ya kemshafti ya inteki upande wa kushoto, yaani upande wa silinda 2 na 4. Injini za SG5 za soko la Japani zina AVCS, mfumo unaozungusha kemshafti kwa presha ya oili ili kubadili wakati wa valvu, na nyingi za AVCS husoma kemshafti kwa sensa zilizo nyuma ya hedi. Sproketi ya AVCS ni kubwa, ina oili ndani, na kemshafti yake ina tundu za oili puani. Sproketi ya kawaida haivishwi juu yake hivihivi. Kabla ya kulipa, angalia kama hedi ya kushoto ina tundu la sensa mbele na kama sproketi iliyopo ina alama ambazo sensa yako ya zamani inaweza kuzisoma. Kama havipo, njia ya kwanza imefungwa kwa injini hiyo. Tafuta nyingine, au nenda njia ya pili.

Injini ikipita ukaguzi huo, AVCS yenyewe inaachwa bila umeme. Solenoidi zinabaki mahali pake, plagi za waya zinafunikwa zisiingie maji, na mirija yake ya oili haiguswi. Bila umeme, kemshafti za inteki hukaa zimechelewa kabisa, ambapo ndipo mahali pake pa kupumzikia. Injini inawaka na kutulia vizuri. Unachopoteza ni nguvu ya chini, maana turbo huchelewa kuamka. Wapo mafundi wanaoziba mirija ya oili ya AVCS wakidhani wanasaidia. Hakuna faida yoyote, na kizibo kikivuja oili inamwagika juu ya egzosi ya moto.

Njia ya pili ni kuleta kila kitu: injini, manifoldi, waringi wa injini, kontroboksi yake, sensa ya hewa pamoja na bomba lake, pedali ya mafuta kama throto ni ya umeme, na kama gari lilikuwa na imobilaiza, basi funguo na kisanduku chake pia. Hapa nozikati, yaani sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa nzima, inalipa kuliko injini tupu, hata kama bei yake inatisha, kwa sababu plagi moja iliyokatwa kwa kisu Japani inaweza kukugharimu siku tatu. Njia hii inakupa AVCS inayofanya kazi. Inakudai fundi wa umeme anayesoma ramani ya waya na kupima kwa mita kabla ya kuunga, siyo anayejaribu kwa taa. Waya za kuunganisha bodi na kontroboksi mpya si nyingi: umeme wa betri usiokatika, umeme wa swichi, stata, pampu ya mafuta, feni, kompresa ya AC, ishara ya mwendo wa gari, ishara ya mizunguko kwenda dashibodi, taa ya injini, na zile za kuzungumza na kontroboksi ya giaboksi. Ziandike kwenye karatasi, mstari kwa mstari, rangi kwa rangi, kabla ya kukata chochote.

Kuhusu injini ya EJ20X ya Legacy BP5. Inavutia, inapatikana, na ina nguvu. Lakini kwa SF5 ni mradi mwingine kabisa. AVCS yake iko kwenye inteki na egzosi zote mbili, throto ni ya umeme, na turbo yake ni ya njia mbili, hivyo mabomba ya egzosi yanapita kwingine na sampu ya oili imeundwa kuyapisha. Ukitaka kutumia egzosi yako ya zamani lazima uhamishe sampu, bomba la kufyonzea oili na kijiti cha kupimia kutoka injini yako. Isitoshe, Legacy hiyo huzungumza na dashibodi yake kwa mtandao wa CAN, ambao SF5 haina. Kwa gari la kwenda kazini, iache. Chukua EJ205 ya SG5 au ya Impreza GDA.

Kuikagua injini kabla ya kulipa

Kwenye kava ya mkanda wa taimingi, injini nyingi za Japani zina stika inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi. Ikiwepo, hiyo ni habari nzuri kuliko neno la muuzaji. Fungua kifuniko cha oili, angalia kama ndani kuna tope jeusi. AVCS haiishi na tope. Mwaga oili kidogo kwenye kitambaa cheupe uipeleke juani: ukiona kumetameta kwa rangi ya shaba, beringi za konrodi zinakwisha, ondoka hapo.

Pima kompresheni silinda zote 4, throto ikiwa wazi kabisa na plagi zote zimetolewa. Hapa wengi wa Nairobi hudanganyika. Vitabu vimeandika namba za usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, ambako hewa ina presha pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini nzima itasoma chini Nairobi na juu Mombasa. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, ikatae. Silinda moja iliyo chini peke yake kwenye EJ ya turbo mara nyingi ni pistoni iliyovunjika ukingo kati ya ringi, jeraha la kuendeshwa na mafuta pungufu kwenye busti, yaani presha ya turbo, na huko dawa ni kupasua injini.

Mwisho wa ukaguzi, namba ya injini. Imegongwa juu ya bloki karibu na giaboksi. Isome, ipige picha, hakikisha haijasagwa, na risiti yako iandikwe namba hiyohiyo pamoja na karatasi za forodha za injini. Bila hizo hutaweza kubadilisha namba kwenye logibuku kule NTSA (Kenya) au kwenye kadi ya gari kule TRA (Tanzania), na gari lenye namba isiyolingana na karatasi zake litakuletea shida kwa polisi, kwa bima, na siku ya kuuza.

Kazi ya mezani

Injini ikiwa chini, kila kitu kinafikiwa. Ikishaingia, plagi za mwako peke yake zinakuchubua mikono. Kwa hiyo badilisha sasa: mkanda wa taimingi na tensha yake na roli zote, pampu ya maji, thamostati, oili sili ya mbele na ya nyuma ya krenkishafti, sili za kemshafti, gasketi za kava za valvu pamoja na zile pete za mashimo ya plagi, na plagi zenyewe. Chomoa pampu ya oili ugeuze upande wa nyuma. Kuna skrubu zinazoshika bamba lake, na kwenye EJ zina tabia ya kulegea. Zitoe moja moja, zisafishe, zitie gundi ya nyuzi, uzikaze. Nyuma ya bloki kuna kibamba cha kitenganishi cha oili. Kama ni cha plastiki, weka cha chuma, maana cha plastiki hupinda na kuvujisha oili kwenye klachi.

Tafuta bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo, na zile za AVCS. Ndani yake kuna vichujio vidogo vya wavu. Vikiziba, turbo inakufa kwa kiu huku geji ya oili ikisema kila kitu ni salama. Weka vipya. Bomba la mpira la kuingizia hewa kwenye turbo, lile linalopita chini ya manifoldi, likunje kwa mkono. Likionyesha nyufa, libadilishe sasa, maana kulifikia baadaye ni kutoa manifoldi tena. Sensa ya kugonga iko juu ya bloki chini ya manifoldi. Ikaze Nm 24, si zaidi wala si chini, kwa sababu ikikazwa vibaya inasikia kelele zisizokuwepo au haisikii zilizopo.

Mkanda wa taimingi unataka utulivu. Kwenye sproketi ya krenkishafti kuna mshale unaoonekana wazi, na ndio unaowapoteza watu. Mshale huo siyo alama ya mkanda. Alama ya mkanda ni kimstari kilicho kwenye jino la nyuma la sproketi, kinachosimama saa 12 mbele ya alama ya pampu ya oili. Hapo pistoni zote ziko katikati ya safari yake, si juu. Upande wa kemshafti, mistari miwili miwili inatazamana kati ya inteki na egzosi, na mstari mmoja mmoja unatazama alama ya kava ya nyuma. Kemshafti za upande wa kushoto hukaa zikiwa na nguvu ya springi, zikikuponyoka zinaruka na valvu zinaweza kugongana. Zungusha kwa spana taratibu. Ukimaliza, vuta pini ya tensha, zungusha krenkishafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, kisha hesabu tena. Hii ni injini ambayo mkanda ukiruka, valvu zinakutana na pistoni.

Kutoa na kuingiza

Toa rejeta na feni zake hata kama unaona nafasi inatosha, kwani ni dakika 20 na inakuokoa kununua rejeta. Kompresa ya AC na pampu ya stelingi hazifunguliwi mirija. Zifungue kwenye mabano yake uzilaze pembeni kwa kamba. Kwa otomatiki, bolti za kushika toki konvata ziko chini ya kizibo kidogo juu ya giaboksi. Zungusha injini kufikia kila moja, na tumia soketi yenye sumaku, maana bolti ikidondokea ndani umejiongezea siku. Kwa manyuo ya turbo, klachi ni ya kuvuta. Lazima uchomoe pini ya uma wa klachi kupitia kizibo cha pembeni ya giaboksi kabla ya kutenganisha. Asiyejua hili huivuta injini kwa winchi mpaka uma unapinda.

Forester za mwanzo na Impreza za zamani zinaweza kuwa na giaboksi ya bolti 4, huku injini mpya ikiwa na nafasi 8. Zinaungana bila tatizo kwa zile 4 zinazolingana. Tumia flaiwili na klachi zinazoendana na giaboksi yako, siyo zilizokuja na injini. Flaiwili ikazwe Nm 72 kwa mpangilio wa kuvukana, bolti za injini na giaboksi Nm 50, na za toki konvata Nm 25.

Toki konvata iingie ndani ya giaboksi mpaka mwisho kabla ya kuleta injini. Isukume ukiizungusha, utaisikia ikiteleza hatua kwa hatua. Injini na giaboksi zikigusana, lazima konvata izunguke kwa mkono bila kukwama. Ukilazimisha uso kwa uso kwa kukaza bolti, unavunja pampu ya oili ya giaboksi, na gari litawaka lakini halitasogea.

Intakula (kipoza hewa ya turbo), manifoldi na turbo vichukuliwe kama seti moja. Manifoldi ya SG5 na ya SF5 haziweki throto mahali pamoja, hivyo intakula ya moja ikilazimishwa kwenye nyingine hozi hukaa upande na huchomoka turbo ikivuta. Weka donge la udongo wa kuchezea juu ya intakula, funga boneti, fungua, upime lilivyobonyea. Linatakiwa kubaki na unene wa kidole.

Kuwasha

Tia oili lita 4 hadi 4.5 ukifuata kijiti. Maji yamiminwe kwenye tangi dogo la chuma lililo karibu na turbo, siyo kwenye rejeta tu, na kizibo cha hewa cha juu ya rejeta kiwe wazi mpaka maji yatoke bila mapovu. Chomoa plagi ya sensa ya krenkishafti ili pasiwe na cheche wala mafuta, kisha zungusha stata sekunde 10, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo unarudisha plagi na kuwasha.

Ikizunguka bila kuwaka, soma kodi kabla ya kugusa kitu. P0335 ni sensa ya krenkishafti, P0340 ni ya kemshafti, na zote mbili zinakurudisha kwenye meno tuliyoyasema. Ikiwaka na kutetemeka bila utulivu, tafuta hewa inayoingia bila kupimwa baada ya sensa ya hewa. Sensa hiyo na bomba lake vimepimwa pamoja. Ukiweka sensa kwenye bomba la kipenyo kingine, hesabu yote ya mafuta imeharibika.

Busti ikiwa chini kuliko ilivyokuwa, kagua kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilicho ndani ya hozi nyembamba kati ya turbo na solenoidi ya busti. Hupotea hozi zikibadilishwa. Ikipanda bila mwisho mpaka kontroboksi ikate mafuta, hozi ya kwenda kwenye kifunguo cha wasteigeti, valvu inayopunguza busti, imechomoka. Usiendelee kuendesha. Presha ya mafuta, hozi ya vakyumu ikiwa imechomolewa kwenye regyuleta, iwe karibu bar 3. Pampu ya mafuta ya zaidi ya miaka 20 haifiki hapo kila wakati, na mpya ni nafuu kuliko pistoni.

Kuna jambo moja la Afrika Mashariki ambalo waliounda injini hizi hawakulikusudia. Kontroboksi za Japani zimepangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani 98 hadi 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Injini inagonga kwenye mlima na gia kubwa, kontroboksi inarudisha wakati wa cheche nyuma, na joto la egzosi linapanda. Tumia petroli ya daraja la juu kabisa unayoipata, na kama unatumia kontroboksi ya SG5, mpate mtu wa kuipunguzia busti na kuipanga upya akisikiliza sensa ya kugonga barabarani. Waishio nyanda za juu wana sababu ya pili: kwenye hewa nyepesi, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia busti ileile.

Kilomita 500 za kwanza endesha bila kukanyaga busti kamili, kisha mwaga oili, kata filta kwa msumeno wa chuma ulio safi, uikunjue karatasi yake juu ya gazeti. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya shaba vinavyong'aa vikionekana, zima gari hapohapo ufungue sampu, maana kwa hatua hiyo krenkishafti bado inaweza kuokolewa.